Jinsi ya Kuandaa Orodha Sahihi ya Mabalozi wa Marekani Tanzania, Kuanzia Makonseli wa Zanzibar

Ukichukua orodha tatu za wawakilishi wa Marekani nchini Tanzania na kuziweka pamoja, huenda moja ikaanza 1837, nyingine 1961 na ya tatu 1962. Zote zinaweza kuwa sahihi. Tatizo ni kwamba waandaaji hawakusema wanahesabu nani, na tarehe waliyoandika ni tarehe ya nini. Mwongozo huu ni kwa mwalimu wa historia, mwanahabari, mhariri wa ensaiklopidia ya mtandaoni au mwanafunzi anayetaka orodha isiyoyumba mtu akiichunguza. Marekani na Tanzania ni mfano mzuri wa kujifunzia kwa sababu kila mtego wa kazi hii umo ndani yake: nchi iliyobadilika jina, serikali mbili zilizoungana, mabalozi wadogo waliokuja zaidi ya karne moja kabla ya mabalozi kamili, na miaka ambayo kiti kilikaa kitupu.

Anza na vyeo, kabla ya majina

Kwa Kiswahili cha kila siku tunasema "balozi" kwa watu wengi mno, kuanzia wa nyumba kumi hadi msanii anayetangaza kampeni ya chanjo. Kwa orodha yako tenganisha watu wa aina tatu, na kila aina iwe na jedwali lake.

Wa kwanza ni konseli, au balozi mdogo. Huyu hushughulikia biashara, meli, hati za kusafiria na raia wa nchi yake walio ugenini. Hamwakilishi mkuu wa nchi yake kwa mkuu wa nchi nyingine. Wa pili ni balozi kamili, anayekuja na hati za utambulisho zilizosainiwa na rais wake na kumkabidhi mkuu wa nchi anakokwenda. Wa tatu ni kaimu balozi, ofisa anayeongoza ubalozi wakati balozi hayupo au bado hajateuliwa. Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia umeyaweka haya wazi: kifungu cha 14 kinapanga madaraja ya wakuu wa ubalozi, na cha 19 kinaeleza nafasi ya kaimu. Visome vifungu hivyo viwili na cha 13 kabla ya kuandika jina hata moja. Ni kurasa chache tu, na vitakuokolea mabishano mengi.

Kosa la kawaida ni kumpa kaimu namba ya mfululizo, mfano "balozi wa 13". Kaimu anastahili kutajwa, tena kwa heshima, kwa sababu mara nyingine ndiye aliyebeba siku ngumu kuliko zote. Tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani Dar es Salaam na kuua watu 11, hapakuwa na balozi kamili. Brady Anderson alikuwa ameondoka 1997, Charles Stith alikuwa bado hajaanza kazi, na aliyeongoza ubalozi siku ile alikuwa kaimu, John E. Lange. Orodha isiyo na mahali pa makaimu itamfanya msomaji aamini kwamba Stith ndiye aliyekuwa ofisini.

Chora jedwali lenye safu nane

Safu ya kwanza iwe jina kamili kama linavyoandikwa kwenye hati ya uteuzi. Ya pili, cheo. Ya tatu, nchi iliyotajwa kwenye uteuzi. Ya nne, tarehe ya kuteuliwa. Ya tano, tarehe ya kukabidhi hati za utambulisho. Ya sita, jina la mkuu wa nchi aliyezipokea. Ya saba, tarehe ya kuondoka. Ya nane, sababu ya kuondoka na maelezo mengine.

Watu wengi hutaka kuunganisha safu ya nne na ya tano. Usifanye hivyo. Njia ya balozi wa Marekani ni ndefu: serikali inayompokea huombwa ridhaa kwanza, kimyakimya, kisha rais hutangaza jina, kamati ya mambo ya nje ya Seneti humhoji, Seneti nzima hupiga kura, mteule huapishwa, husafiri, hukabidhi nakala ya hati zake Wizara ya Mambo ya Nje, na mwisho hukaribishwa Ikulu. Kutoka jina kutangazwa hadi siku ya Ikulu inaweza kupita miezi, hata mwaka kuvuka. James W. Spain aliteuliwa 1975, lakini kuna orodha zinazomwanzisha 1976. Ukiwa na safu mbili, hupati mgongano wowote; kila tarehe ina mahali pake. Kwa kichwa cha orodha, ambapo lazima uchague mwaka mmoja, tumia tarehe ya kukabidhi hati kisha useme hivyo juu ya jedwali.

Safu ya sita inaonekana ya mapambo, lakini ndiyo inayokamata makosa. Nyerere alikuwa rais hadi Novemba 1985, Mwinyi hadi Novemba 1995, Mkapa hadi Desemba 2005, Kikwete hadi Novemba 2015, Magufuli hadi Machi 2021, kisha Samia Suluhu Hassan. Ukiona mahali pameandikwa kwamba Donald Petterson, aliyeanza 1986, alimkabidhi hati Rais Nyerere, ujue ama mwaka au jina limekosewa. Kuna kipindi kifupi kinachohitaji uangalifu wa pekee: kati ya 9 Desemba 1961 na 9 Desemba 1962 Tanganyika ilikuwa huru lakini mkuu wa nchi alikuwa bado Malkia wa Uingereza, akiwakilishwa na Gavana Mkuu Richard Turnbull. William Leonhart, balozi kamili wa kwanza wa Marekani, aliteuliwa ndani ya mwaka huo. Usimjazie jina la Rais Nyerere kwa mazoea.

Jihadhari na tarehe za tarakimu. Wamarekani huanza na mwezi, kwa hiyo 12/9/1961 kwenye hati yao ni Desemba 9, siku ya Uhuru. Msomaji wa Tanzania ataisoma Septemba 12. Siku ikizidi 12 kosa hujionyesha lenyewe. Isipozidi, hupita bila mtu kushtuka, na ukilihamishia kwenye jedwali litanakiliwa miaka na miaka. Andika mwezi kwa neno, kila mara.

Jedwali la makonseli: Zanzibar, 1837 na kuendelea

Mwanzo wa jedwali hili ni mkataba, wala si mtu. Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, alisaini mkataba wa urafiki na biashara na Sayyid Said bin Sultan mjini Muscat tarehe 21 Septemba 1833, na hati za kuuridhia zikabadilishanwa 1835. Kifungu cha tisa kilimruhusu rais wa Marekani kuweka makonseli katika bandari za Sultani zenye biashara kubwa. Kutokana na ruhusa hiyo Richard P. Waters, mfanyabiashara wa Salem, Massachusetts, aliteuliwa 1836 na kufika Zanzibar Machi 1837. Alitangulia konseli wa Uingereza, Atkins Hamerton, aliyehamia Zanzibar 1841.

Katika safu ya tatu, kwa Waters na waliomfuata, usiandike "Tanzania". Andika "milki ya Sultani wa Muscat na Zanzibar" hadi 1856 alipofariki Sayyid Said, kisha "Zanzibar", na kuanzia 1890 ongeza "chini ya ulinzi wa Uingereza". Inachosha, lakini mtu akiona "konseli wa Marekani Tanzania, 1837" atadhani kulikuwa na nchi ya jina hilo.

Jambo la kuweka kwenye maelezo ni riziki yao. Makonseli wa mwanzo hapa walikuwa wafanyabiashara, na Waters aliendesha ukonseli huku akiuza vitambaa vya pamba na kununua pembe za ndovu na sandarusi. Alielewana sana na Jairam Sewji, aliyekuwa amekodi forodha ya Zanzibar, na maelewano hayo yaliwaudhi Wamarekani wengine waliotaka kufanya biashara hapo. Kwa hiyo barua zake kwenda Washington zisome kama barua za mtu mwenye duka. Zinapomlalamikia mpinzani, tafuta upande wa pili.

Barua za makonseli hao kwenda wizarani, za 1836 hadi 1906, zimepigwa mikrofilamu na Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani, omba mikrofilamu namba M468. Karatasi binafsi za wafanyabiashara wa Salem ziko kwenye maktaba ya Phillips ya jumba la makumbusho la Peabody Essex, ambayo sasa iko Rowley, Massachusetts. Upande wetu, nenda Nyaraka za Taifa Zanzibar pale Kilimani. Majina yanachanganya: jina Webb linajitokeza kwa zaidi ya mtu mmoja katika karatasi za Zanzibar, na Francis R. Webb ndiye aliyekuwa konseli Henry Morton Stanley alipofika 1871 kujiandaa kumtafuta Livingstone. Andika herufi za kati za majina daima. Bila R. ile, watu wawili watageuka mmoja.

Tarajia pia mapengo na majina yanayorudi. Konseli mfanyabiashara alipokwenda likizo ya mwaka mzima kwao, alimwachia muhuri karani au mshirika wake, na huyo alisaini barua kama kaimu. Saini chini ya barua haitoshi kumfanya mtu konseli, tafuta uteuzi.

Miaka minne migumu: 1961 hadi 1965

Hapa ndipo orodha nyingi huharibika, kwa hiyo tulia. Marekani ilikuwa na ubalozi mdogo Dar es Salaam tangu enzi za Mwingereza. Tarehe 9 Desemba 1961 ulipandishwa hadhi ukawa ubalozi kamili, na aliyekuwa konseli, William R. Duggan, akawa kaimu balozi. Ndiyo maana orodha nyingine huanza 1961 na jina lake. Katika jedwali lako Duggan anaingia mara mbili, kwenye makonseli na kwenye makaimu, na haingii kwenye mabalozi. Leonhart anafungua jedwali la mabalozi 1962.

Zanzibar ilipata uhuru wake tarehe 10 Desemba 1963. Marekani ikafungua ubalozi huko siku hiyohiyo, ukiongozwa na kaimu, Frederick Picard. Mapinduzi yakatokea 12 Januari 1964, na Picard alifukuzwa ndani ya siku chache. Aliyebaki akiangalia ofisi alikuwa ofisa kijana, Donald Petterson, hadi Februari alipokuja Frank Carlucci kuiongoza. Muungano ulipoundwa 26 Aprili 1964, nchi ikawa moja na ubalozi mmoja ukatosha, hivyo ule wa Zanzibar ukarudishwa kuwa ubalozi mdogo. Zanzibar haikuwahi kuwa na balozi kamili wa Marekani. Ukimwona Carlucci ameandikwa "Balozi wa Marekani Zanzibar", rekebisha. Alifukuzwa Januari 1965 pamoja na Robert Gordon wa ubalozi wa Dar es Salaam, Marekani nayo ikamfukuza ofisa wa Tanzania, na Tanzania ikamwita nyumbani balozi wake Washington, Othman Shariff. Ubalozi mdogo wa Zanzibar uliendelea hadi ulipofungwa 1979.

Leonhart alikaa Dar es Salaam muda wote huo. Alikuja nchi ikiitwa Tanganyika, akaendelea ilipokuwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, na alikuwepo jina la Tanzania lilipotangazwa Oktoba 1964. Mpe mstari mmoja, na katika safu ya tatu uandike majina yote matatu na tarehe zake. Wapo wanaomhesabu mara mbili. Wapo pia wanaosema balozi wa kwanza "wa Tanzania" ni John H. Burns wa 1965, kwa kuwa yeye ndiye wa kwanza kuteuliwa jina likiwa tayari ni hilo. Hoja yao ina maana, ila iweke kwenye maelezo. Usibadili mpangilio kwa ajili yake.

Mfululizo wa kulinganishia

Kwa mabalozi kamili, kazi yako ikikamilika inapaswa kulingana na mfululizo huu: William Leonhart (1962–1965), John H. Burns (1965–1969), Claude G. Ross (1969–1972), W. Beverly Carter (1972–1975), James W. Spain (aliyeteuliwa 1975, akaondoka 1979), Richard Viets (1979–1981), David C. Miller (1981–1984), John William Shirley (1984–1986), Donald Petterson (1986–1989), Edmund DeJarnette (1989–1992), Peter Jon de Vos (1992–1994), Brady Anderson (1994–1997), Charles Stith (1998–2001), Robert Royall (2001–2003), Michael Retzer (2005–2007), Mark Green (2007–2009), Alfonso Lenhardt (2009–2013), Mark Childress (2014–2016), Donald Wright (2020–2023) na Michael Battle (2023–2025). Jumla 20. Petterson ni yuleyule wa Zanzibar ya 1964, kwa hiyo jina lake litakuwa kwenye jedwali zaidi ya moja. Programu ya kutafuta majina yanayojirudia ikikuambia umfute, usikubali.

Sasa tazama mapengo, kwa sababu yana habari kuliko mistari iliyojaa. Kati ya 2003 na 2005 kiti kilikuwa kitupu. Kati ya 2016 na 2020 kilikaa kitupu zaidi ya miaka mitatu, na ubalozi uliongozwa na makaimu, Virginia Blaser kisha Inmi Patterson. Pengo fupi la miezi ni la kawaida, maana mteule mpya anasubiri Seneti. Pengo la miaka lichunguze pande zote mbili kabla ya kuandika sababu: je, jina lilipelekwa Seneti likakwama, au halikupelekwa kabisa? Kumbukumbu za Seneti zinajibu swali hilo kwa tarehe. Usiandike "uhusiano ulizorota" kwa kuona pengo tu.

Sababu ya kuondoka nayo haikisiwi. Wateule wa kisiasa wa Marekani kwa desturi hujiuzulu rais mpya anapoapishwa 20 Januari, na kuanzia Anderson wa 1994 hadi Battle wote tisa hawakuwa wanadiplomasia wa taaluma. Stith aliondoka 2001, Green 2009 na Battle 2025, yaani miaka ya mabadiliko ya rais. Lakini Wright, mteule wa Trump, hakuondoka Januari 2021. Alibaki hadi 2023. Ukijaza safu kwa kufuata kanuni, hapo utaanguka. Na Carter wa 1975 ana kisa chake. Mei mwaka huo waasi kutoka upande wa pili wa Ziwa Tanganyika waliwateka vijana wanne watafiti kutoka kituo cha Gombe. Carter alisaidia katika juhudi za kuwakomboa, na Henry Kissinger, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, aliyekuwa akishikilia msimamo wa kutojadiliana na watekaji, akamwondoa. Carter alipelekwa Liberia mwaka uliofuata. Orodha inayoandika "muda wake uliisha" inaficha mojawapo ya mambo muhimu katika historia ya ubalozi huo.

Kuhakiki

Kila tarehe ipate mashahidi wawili wasionakiliana. Upande wa Marekani, ofisi ya mwanahistoria wa Wizara ya Mambo ya Nje ina orodha ya wakuu wa ubalozi yenye tarehe za uteuzi, za kukabidhi hati na za kuondoka, nayo iko mtandaoni bure. Shahidi wa pili mtafute hapa nyumbani: magazeti ya siku iliyofuata tukio la Ikulu, taarifa za Ikulu na za Wizara, na Nyaraka za Taifa pale Upanga, Dar es Salaam. Ukitumia gazeti, kumbuka kwamba habari ya "jana" kwenye toleo la tarehe 5 ni ya tarehe 4. Tofauti ya siku moja kati ya vyanzo viwili kwa kawaida inatokana na hilo.

Barua isiyo na tarehe unaweza kuikadiria kwa kichwa chake. Anwani ya Barabara ya Laibon ni ya kabla ya Agosti 1998, kwa sababu jengo hilo ndilo lililolipuliwa; ya jengo jipya la Msasani ni ya 2003 na kuendelea. Jina la nchi kwenye kichwa nalo husaidia kwa karatasi za 1964, ila akiba ya karatasi za zamani ilikuwa ikitumika hadi iishe, kwa hiyo jina la zamani halithibitishi kwamba barua ni ya zamani. Jina jipya ndilo ushahidi: barua haiwezi kutangulia jina lililoandikwa juu yake.

Ukitaka na upande wa pili

Orodha ya mabalozi wa Tanzania Washington inaandaliwa kwa safu zilezile nane, isipokuwa anayepokea hati ni rais wa Marekani. Mtego mkubwa ni New York. Mwakilishi wa kudumu Umoja wa Mataifa naye huitwa balozi na naye anaishi Marekani, lakini hati zake humkabidhi Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Salim Ahmed Salim alikuwa New York kuanzia 1970 hadi 1980. Aliyekuwa Washington sehemu kubwa ya miaka hiyo ni Paul Bomani, 1972 hadi 1983. Kwa miaka ya karibuni mfululizo ni Ombeni Sefue, Mwanaidi Maajar, Liberata Mulamula, Wilson Masilingi, kisha Elsie Kanza. Sefue ndiye wa kumwangalia zaidi, kwa sababu baada ya Washington alihamishiwa New York, na tarehe zake za vituo viwili huunganishwa ovyo.

Kabla ya hao wote kuna Ahmad bin Na'aman, mjumbe wa Sayyid Said, aliyefika New York na meli Sultana tarehe 30 Aprili 1840, na zawadi za kumpa Rais Van Buren wa Marekani zikiwemo farasi. Alikuja kufanya biashara na kufikisha salamu, na hakuja kukaa kama balozi. Mweke kwenye mstari wa utangulizi juu ya jedwali, bila namba, na katika safu ya cheo uandike "mjumbe maalumu".